LIKIZO YA KIBANDANI UFUKWENI: MAMA NAYE APUMZIKE

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Atazamaye mzigo ulio kichwani pa mwingine huuona mwepesi, wala haulizi shingo ya mbebaji inasema nini. Methali hiyo yafaa ikumbukwe na kila familia ya mjini inayojiandaa kwenda kupumzika siku mbili tatu katika vibanda vya ufukweni, maana katika safari za namna hiyo upo mzigo mmoja ambao mara nyingi husahauliwa kutuliwa.

Mapumziko yenyewe ni mazuri, tena ni haki. Mfanyakazi aliyekesha zamu kiwandani, karani aliyeinamia majalada mwaka mzima, mwalimu aliyemeza vumbi la chaki, wote wanastahili kuonja upepo wa bahari pamoja na watoto wao. Na kibanda cha kukodi, kilichoezekwa makuti, chenye vitanda viwili vitatu na baraza ya kukalia, kwa kawaida ni nafuu kuliko vyumba vya hoteli. Familia hubeba mchele wake, unga wake, mafuta yake na sufuria zake, ikajipikia yenyewe, na fedha ambayo ingelipwa kwa mpishi wa hoteli ikabaki mfukoni.

Lakini anayepika ni nani? Watoto wako majini. Baba yuko chini ya mvinje, anasikiliza redio. Mama yuko nyuma ya kibanda, anapuliza mkaa uliolowa umande, huku mtoto mdogo akimvuta kanga. Asubuhi aliwasha moto wa chai, mchana atasonga ugali, jioni atapara samaki, na katikati ya hayo ataosha vyombo kwa maji ya ndoo na kufua nguo zilizojaa mchanga. Kilichobadilika katika maisha yake ni mahali pa kupikia tu. Tena nyumbani alijua chumvi iliko, na bomba lilikuwa karibu.

Basi makala haya yanauliza swali moja: likizo ya familia ni likizo ya nani? Swali hili si geni. Lilipata kuulizwa zamani katika nchi ya Uingereza, ambako vibanda vya likizo vya wafanyakazi vilienea pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kule lilijibiwa kwa njia tatu zilizo mbalimbali. Tuzitazame njia hizo moja baada ya nyingine, kisha tuone ipi inaufaa mfuko wetu.

WIKI MOJA BILA MSHAHARA

Katika miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire, kaskazini ya Uingereza, ilikuwa desturi tangu karne ya 19 kila mji kufunga viwanda vyake wiki moja ya majira ya joto. Mitambo ilisimama ikasafishwa na kutengenezwa, na watu wa mji karibu wote wakapanda treni kwenda pwani, hasa Blackpool. Kila mji ulikuwa na wiki yake, hata ikawa majirani wa mtaa mmoja wanakutana tena ufukweni.

Wiki hiyo haikuwa na mshahara. Mashine ikisimama, na malipo yalisimama. Kwa hiyo wafanyakazi waliunda vyama vya kuweka akiba, wakatoa senti chache kila wiki kwa mwaka mzima, kisha wakagawana fedha zao siku chache kabla ya safari. Msomaji anayecheza upatu au aliye mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa atautambua utaratibu huo mara moja.

Huko Blackpool familia zilipanga katika nyumba za watu. Desturi iliyoenea ilikuwa kwamba mgeni anunue chakula chake mwenyewe, amkabidhi mama mwenye nyumba, naye ampikie kwa malipo. Maana yake ni kwamba mama wa familia alipeleka kikapu sokoni hata siku ya mapumziko. Tena ziko nyumba ambazo mgeni alitakiwa atoke baada ya kifungua kinywa na asirudi mpaka saa ya chakula, mvua inyeshe isinyeshe. Wazazi walizunguka na watoto wao barabarani, wakijibanza chini ya mabaraza ya maduka. Ndiyo hali iliyowafanya watu waanze kuwazia kibanda: mlango wako mwenyewe, ambao hakuna mtu wa kukutoa.

KAMBI YA CAISTER: KAZI IGAWANYWE

Kambi za kwanza hazikuwa za familia. Joseph Cunningham, aliyefungua kambi katika Kisiwa cha Man mwaka 1894, alipokea vijana wa kiume tu, nao walilala katika mahema. Wanawake hawakuwa na nafasi.

Mwaka 1906 alitokea mtu mwingine, John Fletcher Dodd, mwenye duka la vyakula na mfuasi wa chama cha wafanyakazi kilichoitwa Independent Labour Party. Yeye alianzisha kambi ya kisoshalisti katika kijiji cha Caister, pwani ya mashariki ya Uingereza. Ilianza na mahema machache, baadaye vikajengwa vibanda. Wafanyakazi wa mijini walikwenda huko kupata hewa safi, kuoga baharini na kusikiliza mihadhara ya siasa. Masharti yalikuwa makali: pombe ilipigwa marufuku, na usiku ulipokuwa mwingi kelele hazikuruhusiwa.

Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba katika miaka yake ya mwanzo wakaaji wa kambi ile walishiriki kazi za kambi. Mtu hakwenda Caister kuhudumiwa kama bwana. Alikwenda kama mwenzi kati ya wenzi, akala chakula cha pamoja na kutoa mkono wake pale ulipohitajika. Gharama ilipungua kwa sababu kazi iligawanywa. Na kazi ikigawanywa kwa wengi, hakuna mmoja anayelemewa.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Mahali pale pangali panapokea wageni wa likizo hata leo, ingawa mihadhara ya siasa na masharti ya Ndugu Dodd yamekwisha kuwa habari za wazee.

SKEGNESS: KAZI ILIPIWE

Njia ya pili ililetwa na mfanyabiashara. Billy Butlin alizaliwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1899, akakulia Uingereza na Kanada, akaanza maisha ya biashara kwa kuendesha kibanda cha mchezo wa kurusha pete katika maonyesho ya kuzunguka. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alipokuwa likizo huko Barry Island, Wales, aliziona familia zilizotolewa nje na wenye nyumba zikizagaa katika mvua bila pa kwenda. Akaona hapo taabu ya watu, na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, akaona na faida.

Mwezi Aprili mwaka 1936 kambi yake ya kwanza ilifunguliwa Skegness, pwani ya mashariki. Mgeni wa heshima alikuwa Amy Johnson, yule mwanamke rubani aliyeruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1930. Vijumba vilipangwa kwa safu, kila kimoja kikiwa na vitanda, taa ya umeme na beseni lenye maji baridi ya bomba. Vyoo na bafu vilikuwa vya pamoja. Bei ilikuwa kati ya shilingi 35 za Kiingereza na pauni 3 kwa wiki, kutegemea majira, na ndani yake mlikuwamo milo mitatu kwa siku na michezo yote. Wito wa biashara uliotangazwa ulikuwa: likizo ya wiki moja kwa mshahara wa wiki moja.

Msomaji makini atatambua kasoro ya hesabu hiyo. Bei ile ilikuwa ya mtu mmoja, na mshahara ulikuwa wa baba anayelisha watu wanne watano. Kibarua wa kima cha chini hakuweza kuipeleka familia yake nzima Skegness. Wengi waliofika mwanzoni walikuwa makarani na mafundi wenye kipato cha kuaminika.

Hata hivyo, mke wa fundi aliyefika pale alikutana na jambo ambalo huenda hakupata kuliona tangu siku ya arusi yake. Kengele ya chakula ililia, naye akaketi mezani kama wengine, sahani ikaletwa. Alipomaliza aliinuka akaondoka, na vyombo vikaoshwa na mtu mwingine. Walikuwapo watumishi wa kuangalia watoto wakati wazazi wakicheza. Usiku, wazazi walipokwenda dansini, walinzi walipita kati ya safu za vijumba wakisikiliza. Mtoto akilia, namba ya kijumba ilitangazwa ukumbini ili mama au baba aende. Wanahistoria wa kambi hizi wanakubaliana kwamba mojawapo ya sababu zilizowavuta watu ilikuwa hiyo: kwa wiki moja mama wa familia alipumzika kama mumewe.

Lakini tusifumbe macho. Chakula kile hakikupikwa na malaika. Kilipikwa na kuandaliwa na watumishi wa msimu, wengi wao wasichana, walioshinda wakikimbia kati ya meza na jiko kwa ujira mdogo. Mama mmoja alipumzika kwa sababu mwanamke mwingine alichoka. Tofauti ni kwamba yule wa pili alilipwa, saa zake zilihesabiwa, na msimu ulipokwisha aliondoka na chake. Huo si usawa kamili, lakini ni afadhali kuliko kazi isiyo na saa wala senti.

MWAKA WA 1936 NA HAKI YA KUPUMZIKA

Inafaa tukumbuke kwamba mwaka ule wa 1936 ulikuwa mwaka mkubwa kwa wavuja jasho. Nchini Ufaransa, baada ya migomo iliyotikisa viwanda vingi, Serikali ya Léon Blum ilipitisha mwezi Juni sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo kwa wafanyakazi. Waziri mdogo Léo Lagrange akafuatiliza tiketi ya treni iliyopunguzwa bei kwa asilimia 40, na majira yale yale ya joto familia za wafanyakazi ambazo hazijapata kuiona bahari zikaiona. Mwezi huo huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 52, uliotaka mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kazini apewe angalau siku sita za kazi za likizo yenye malipo. Uingereza nayo ilitunga sheria ya likizo yenye malipo mwaka 1938.

Haya yote hayakushuka kama umande. Yalidaiwa na vyama vya wafanyakazi kwa miaka mingi, na waajiri waliyapinga wakidai uchumi utaanguka. Uchumi haukuanguka. Watu waliorudi kutoka pwani walirudi na nguvu mpya.

Lakini angalia, ndugu msomaji, kila sheria kati ya hizo ilimtaja mfanyakazi mwenye mwajiri. Mama wa nyumbani hana mwajiri. Hana barua ya likizo, hana daftari la mahudhurio, hana afisa wa kumwandikia ruhusa. Bunge lolote duniani likiongeza siku za likizo, zinaongezeka kwa baba na kwa mama mwenye ajira. Kwa kazi ya jikoni haiongezeki hata siku moja. Hiyo likizo anaweza kupewa na watu wa nyumba yake tu.

JIKO LILIPORUDI KIBANDANI

Njia ya tatu ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati wa vita kambi ya Skegness ilikuwa imetumiwa na jeshi la majini. Amani iliporejea watu walifurika. Butlin akajenga kambi nyingine, zikiwamo za Ayr na Pwllheli zilizopokea wageni mwaka 1947, na Minehead mwaka 1962.

Kisha mambo yakageuka. Safari za ndege za bei nafuu zikaanza kuwapeleka Waingereza Hispania, ambako jua halina shaka. Aidha, watu walichoka kuamshwa na vipaza sauti na kula kwa makundi saa moja iliyopangwa na mtu mwingine. Walitaka uhuru. Ndipo kambi zilipoanza kutoa vijumba vyenye jiko ndani, ili familia ijipikie yenyewe saa itakayo. Bei ikapungua, uhuru ukaongezeka, na mama akarudi jikoni.

Kambi za Filey na Clacton zilifungwa mwaka 1983. Leo zimebaki tatu za jina lile: Skegness, Minehead na Bognor Regis. Pale Skegness kimehifadhiwa kijumba kimoja cha mwanzo, nacho kinalindwa na sheria kama jengo la historia. Ni kijumba kidogo kisicho na jiko, wala hakikuhitaji jiko, kwa sababu aliyekibuni alijua kwamba mwenye kukilipia alitaka kuondoka na sufuria zake zibaki nyumbani.

Kwa ufupi, basi, njia ni tatu: kugawana kazi, kumlipa mtu aifanye, au kumwachia mama. Ile ya tatu haitangazwi na mtu yeyote wala haiandikwi mahali. Hutokea yenyewe pale ambapo hakuna aliyepanga.

SISI NA UFUKWE WETU

Tugeuke sasa tujitazame wenyewe. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, zikihesabiwa mfululizo pamoja na sikukuu zitakazoangukia ndani yake. Ni siku nyingi ukizilinganisha na zile sita za mwaka 1936. Lakini siku hizo huishia wapi? Wengi wetu huzitumia kwenda kijijini kuwaona wazee, kuhudhuria mahari na matanga, kukarabati nyumba na kutatua ugomvi wa mipaka ya shamba. Hayo ni wajibu, na asiyewajali wazee wake hana sifa. Hata hivyo wajibu si mapumziko, na kwa mke aliyeolewa safari ya ukweni mara nyingi ni kuhamia katika jiko kubwa zaidi.

Si lazima kuchagua kati ya wazee na bahari. Katika siku 28 zinaweza kutolewa usiku mbili au tatu kwa ajili ya familia peke yake. Mkazi wa Dar es Salaam ana Kigamboni, anayoifikia kwa pantoni kutoka Magogoni au kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Bagamoyo haiko mbali. Wa Tanga ana fukwe za Pangani. Ndugu zetu wa Mombasa huvuka Likoni kwenda Tiwi na Diani, ambako nyumba ndogo za kujipikia zimezoeleka tangu zamani. Karibu pote huko msafiri anaweza kupata kibanda cha kukodi.

Vingi vya vibanda hivyo ni vya kujipikia, na ndivyo vinavyouweza mshahara wa kawaida. Njia ya Skegness, ya kulipia kila mlo, inatushinda wengi wetu. Imebaki njia ya Caister. Bahati njema, hiyo haihitaji fedha. Inahitaji mapatano kabla ya kufunga mizigo.

Baadhi ya akina baba watasema jiko si mahali pao. Tuwajibu kwa heshima. Katika mitaa yetu jioni, anayegeuza mishkaki juu ya makaa ni mwanamume, na anayekaanga chipsi mayai mara nyingi ni mwanamume. Katika arusi nyingi za pwani, pilau la masufuria makubwa husimamiwa na wapishi wanaume, na watu hulisifu. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, wanajua kwamba vijana wa kiume walipika na kuosha masufuria kambini, na hakuna aliyepungukiwa na uanaume wake. Haya iko wapi basi? Mkono unaoweza kupika kwa malipo au kwa amri unaweza pia kupika kwa mapenzi, siku tatu kwa mwaka.

RATIBA YA KIBANDANI

Jambo la kwanza ni kukaa pamoja, baba, mama na watoto wenye umri wa kuelewa, siku kadhaa kabla ya safari, na kuandika kazi zote katika karatasi. Tusiseme “kupika” tu. Tuandike: kununua mkaa au kujaza mtungi wa gesi, kuchota maji, kuwasha moto, kupika chai, kupika mchana, kupika jioni, kuosha vyombo, kufagia mchanga, kukung'uta vitanda na kufunga vyandarua, kumwogesha mtoto mdogo, kuchunga watoto majini. Karatasi ikijaa ndipo wengi hutambua kwa mara ya kwanza ukubwa wa kanda lile la usufi.

Jambo la pili ni kupunguza kazi yenyewe. Siku ya kwanza iwe ya chakula kilichotoka nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga. Milo mingine iwe ya sufuria moja. Samaki wanunuliwe kwa wavuvi asubuhi na muuzaji aombwe awapare kabisa, kisha jioni baba na vijana wawachome. Mlo mmoja, hata kama ni mmoja tu, unaweza kununuliwa kwa mama lishe wa jirani. Si anasa, ni kulipia saa tatu za uhuru wa mtu.

Jambo la tatu ni zamu ya baharini, ambayo ni kazi kubwa kuliko zote ingawa huonekana kama starehe. Mtu mzima mmoja akae ufukweni akiwatazama watoto, bila simu mkononi wala gazeti, hata hili, na baada ya saa moja apokewe na mwingine. Maji katika pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupwa mbali sana na kurudi kwa nguvu. Watoto waliofuata konokono na kaa kwenye miamba wanaweza kujikuta wamezungukwa na maji. Waulizwe wavuvi wa mahali pale saa za maji na mahali penye mkondo, kwani wao wanajua. Wanaokwenda miambani wavae viatu, maana kuna viumbe wenye miiba mikali.

Jambo la nne ni majira na fedha. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, si wakati wa kibanda cha makuti. Kuanzia Juni upepo wa kusi huleta ubaridi mzuri, ingawa bahari huchafuka. Desemba ni joto na watu ni wengi, hivyo kibanda hapana budi kitafutwe mapema, na bei iulizwe kwa uwazi: je, maji ya kunywa yapo, vyandarua vipo, jiko na sufuria zipo? Kila kilichopo ni mzigo mmoja uliopungua. Fedha nazo ziwekwe kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, kama walivyofanya wale wa viwanda vya pamba, ili Januari isitukute tukikopa ada ya shule kwa sababu ya siku tatu za Desemba.

Jambo la tano ni la haki. Familia nyingine hukata shauri rahisi: humchukua msichana wa kazi, nao wote wakapumzika. Huko ni kuuhamisha mzigo kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Binti huyo ni mwajiriwa, naye ana siku zake za likizo kama karani wa ofisini. Akienda ufukweni kufanya kazi, ahesabiwe yuko kazini, alipwe na apewe saa zake. Na kama amekwenda kupumzika, jina lake liandikwe katika ratiba sawasawa na ya wengine, wala si katika kila mstari.

Wapo watakaosema kwamba mama mwenyewe hukataa kukaa. Akiona wengine wanapika huinuka, mara anasahihisha chumvi, mara anaondoa sufuria motoni. Ni kweli. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na mitano bila likizo hajui kupumzika kwa siku moja. Wali ukiungua kidogo siku ya kwanza, na uliwe hivyo hivyo bila maneno, na anayepika asiitwe mara tatu aulizwe kitunguu kimekatwaje. Siku ya pili utaungua kidogo zaidi ya ilivyotakiwa. Siku ya tatu utaiva.

Faida haitaishia ufukweni. Mvulana aliyeosha sufuria kibandani akiwa na miaka kumi ataoa siku moja. Msichana aliyemwona baba yake akipuliza moto atajua la kutarajia na la kukataa. Tunawafundisha watoto wetu mengi kwa maneno, lakini haya hujifunza kwa kutazama, na nyumba ya mjini yenye pilikapilika za kila siku haina nafasi nzuri ya kuyaonyesha kama siku tatu za kibandani.

Basi kabla ya kulipa nauli na kukata shauri la kibanda, itwaeni karatasi na kalamu. Andikeni kazi kwa mstari, na mbele ya kila kazi jina la atakayeifanya. Mkimaliza, hesabuni jina la mama limeandikwa mara ngapi. Likizidi la baba, ratiba bado haijaisha kuandikwa.